Risasi, Kaliba na Mnyama Mharibifu: Uhakiki wa Istilahi za Bunduki za Kuwindia

Utangulizi

Katika uwanja wa silaha za kuwindia Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Kina mtutu na kasiba, kitako na mtambo, baruti na fataki, marisau na gobori. Upungufu uliopo ni wa mipaka. Maneno matatu yatumikayo zaidi kuliko mengine yote, yaani risasi, kaliba na mharibifu, kila moja limebebeshwa mizigo miwili au mitatu, na msomaji haelezwi ni mzigo upi unaokusudiwa. Makala hii inayachunguza maneno hayo matatu, inaonyesha yanavyopotosha pale yanapokutana katika shauri moja, nalo ni shauri la kuchagua bunduki impasayo mnyama, na mwishoni inatoa mapendekezo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na bunduki. Jibu si gumu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 12 ya mwaka 1974, na Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 iliyoshika mahali pake, ziliandikwa kwa Kiingereza. Na ndivyo ilivyokuwa kwa sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2021, Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Kwa hiyo maneno ambayo zamani yaliishi vinywani mwa wawindaji na askari wa wanyamapori, sasa yanaingia katika hati za mashtaka, leja za bohari, leseni na mitihani ya vyuo. Huko neno halina mtu wa kulisimamia na kulifafanua kwa ishara ya mkono. Lazima lijisimamie lenyewe.

Ili mjadala usielee hewani, tumeuweka mahali pamoja: Bigwa, kata iliyo chini ya milima ya Uluguru katika Manispaa ya Morogoro. Hapo ndipo ianzapo barabara iendayo Kiroka, Mkuyuni, Matombo, Mvuha hata Kisaki, karibu na mpaka wa kaskazini wa eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Katika barabara hiyo moja msafiri hutoka nchi ya nyani na tumbili akafika nchi ya nyati na tembo. Pafaa sana kuyapima maneno yetu.

1. Risasi

Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo upesi motoni. Jina la madini likahamia kwenye kitu kilichotengenezwa kwayo. Hata neno bunduki lina historia ya namna hiyo, kwani katika Kiarabu linatokana na jina la kokwa, likatumiwa kwa vitufe vidogo vya kurushwa, kisha likaishia kwenye chombo cha kuvirushia.

Wakati wa gobori utata haukuwako. Mwindaji alimimina baruti mtutuni, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi, kisha akaweka fataki mahali pake. Risasi yenyewe aliiyeyusha na kuimimina katika kalibu, akapata kitufe cha kutosha mtutu wake. Vitu vilikuwa mbalimbali, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Mwindaji aliyeishiwa na fataki hakusema ameishiwa na risasi.

Utata uliingia pamoja na risasi ya kiwandani, ambayo ndani ya ganda moja la shaba nyeupe imekusanya fataki, baruti na kitu kirukacho. Kitu hicho kipya kilihitaji jina. Kiswahili hakikukipa jina jipya, bali kilichukua jina la sehemu yake moja na kukivika kitu kizima. Jambo hili si kosa. Lugha nyingi hufanya hivyo. Kosa ni kuendelea kuitumia risasi kwa sehemu na kwa kizima katika hati moja.

Tutazame hali ilivyo leo. Asemapo daktari kwamba risasi imetolewa begani, anakusudia kile kirukacho. Asemapo polisi kwamba mtu amekutwa na risasi kumi, anakusudia vitu vizima, vyenye ganda na baruti. Asemapo fundi kwamba bomba la zamani lilikuwa la risasi, anakusudia madini. Na tukitaja silaha na risasi katika jina la sheria, tunakusudia kila kinacholishwa katika bunduki, na marisau yamo. Maana nne katika neno moja, na zote nne zinaweza kuhitajika katika kesi moja ya ujangili.

Maendeleo ya ufundi yameuzidisha utata huo. Siku hizi vimo vichwa vya risasi vilivyotengenezwa kwa shaba tupu, kwa sababu madini ya risasi yana sumu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umepiga marufuku tangu Februari 2023 kufyatua marisau yenye madini ya risasi katika maeneo oevu na kandokando yake. Mfasiri akabidhiwe habari hiyo aiweke katika Kiswahili, naye atajikuta akiandika “risasi isiyo na risasi”. Msomaji atacheka, lakini mtunza bohari atakayeagizwa kununua kitu hicho hatacheka.

Dawa ya maradhi haya imo mitaani tayari. Magazeti yetu huandika kwamba maganda ya risasi yameokotwa mahali pa tukio, na hakuna msomaji anayeshangaa. Askari husema kichwa cha risasi bila kufundishwa na mtu. Baruti na fataki tunazo tangu enzi ya gobori. Basi risasi na ibaki kuwa jina la kitu kizima, na sehemu zake zirudishiwe majina yao: ganda, fataki, baruti, kichwa. Madini nayo, kila yanapoweza kuchanganywa na kitu hicho, yaitwe madini ya risasi. Hakuna neno hata moja la kubuni hapa.

2. Kaliba

Neno hili lina hadithi ya kuchekesha kidogo. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hukubali kwamba Wafaransa na Waitaliano walilipata kutoka kwa Waarabu, ambao neno lao lilikuwa na maana ya umbo la kumiminia madini. Neno hilohilo la Kiarabu lilitufikia sisi moja kwa moja, nasi tunalo hata leo: kalibu. Kwa hiyo kalibu ya mhunzi wa pwani na kaliba ya mwuza bunduki wa Ulaya ni ndugu waliopotezana njiani. Mmoja alikuja kwa jahazi, mwingine alizunguka bara zima kabla ya kufika.

Wafasiri wetu hulishughulikia neno hili kwa njia tatu. Wengine huandika ukubwa wa bunduki. Wengine huandika kipenyo. Wengine huliacha kaliba. Tuzichunguze njia hizo moja moja.

Ukubwa wa bunduki haufai kabisa. Msomaji atadhani ni urefu wa mtutu au uzito wa silaha. Bunduki ndefu na nzito yaweza kuwa ya kipenyo kidogo, na bastola ya kutiwa mfukoni yaweza kuwa ya kipenyo kikubwa.

Kipenyo ni neno safi, nalo limo katika masomo ya hisabati tangu shule ya msingi. Lakini kinapimwa wapi? Ndani ya mtutu wa bunduki nyingi za kuwindia imechongwa mifuo inayozunguka kama msokoto wa kamba, ili kichwa kitoke kikijizungusha na kwenda sawasawa. Kati ya mfuo na mfuo limeachwa tuta. Neno tuta halihitaji maelezo kwa watu wa Uluguru, ambako mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ulizua ghasia mwaka 1955. Basi kipenyo chaweza kupimwa kutoka tuta hadi tuta, au kutoka mfuo hadi mfuo, na majibu hayawi sawa. Bunduki ya .303 ya Waingereza ilipewa jina kwa kipimo cha tuta hadi tuta, ilhali kichwa cha risasi yake kina kipenyo cha inchi .311.

Ugumu mwingine ni kwamba jina la risasi si kipimo peke yake. Katika .30-06 tarakimu za kwanza ni kipenyo kwa sehemu za inchi, na za pili ni mwaka 1906. Katika .30-30 za pili ni uzito wa baruti. Katika .250-3000 za pili ni kasi, yaani futi 3,000 kwa sekunde. Wajerumani nao huandika 9.3×62, ambapo ya kwanza ni kipenyo kwa milimeta na ya pili ni urefu wa ganda kwa milimeta. Bunduki za marisau hufuata hesabu ya kale zaidi: namba 12 maana yake ni kwamba vitufe 12 vya madini ya risasi, kila kimoja kikitosha mtutu huo, vina uzito wa ratili moja. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, na karani asiyeelezwa atapanga kinyume. Tena karani asiyeelezwa huweza kuandika “milimeta .375” akidhani amerekebisha kosa la mwenzake. Milimeta .375 ni unene wa uzi. Inchi .375 ni milimeta 9.5, na ni unene wa kidole.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba kipenyo ni nguvu. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilitoa ushahidi katika nchi hii yetu. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye mtutu wa milimeta 11 na baruti ya moshi mwingi. Waingereza walioingia Morogoro mwezi Agosti 1916 walikuwa na .303, ambayo mtutu wake haufiki milimeta 8. Kwa kipenyo, bunduki ya zamani ilishinda. Kwa nguvu, ile nyembamba ilishinda, maana baruti yake ilikisukuma kichwa kwa kasi kubwa zaidi. Na juu ya hayo haikumfichulia adui kwa moshi mahali alipojificha mpigaji.

Mifano ya siku hizi ni ya wazi zaidi. Risasi ndogo ya .22 Long Rifle, iliyotengenezwa tangu mwaka 1887, na risasi ya .223 Remington, vichwa vyake vina vipenyo vinavyokaribia kulingana. Ya kwanza hutoka mtutuni na nishati ya jouli 150 hivi. Ya pili hutoka na jouli 1,700 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, na kipenyo hakikuisema. Vivyo hivyo kwa .375. Risasi ya .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa London mwaka 1912, hupiga kwa jouli 5,700 hivi. Mwaka 1978 Wamarekani walitoa .375 Winchester, yenye tarakimu zilezile, kwa ajili ya swala wa misituni kwao. Nayo haifiki jouli 3,000. Desturi ya wawindaji wa Afrika Mashariki, pamoja na kanuni za nchi nyingi za Afrika, huitambua .375 kuwa mpaka wa chini wa kuwinda nyati na tembo. Kila mwindaji mzoefu anaelewa ni .375 ipi inayokusudiwa. Hati iandikayo “kipenyo kisichopungua .375” haielewi. Imemfungulia mlango mtu mwenye nusu ya nguvu inayohitajika, na kumfungia mwenye 9.3×62, risasi iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 na kutumiwa sana barani Afrika, ambayo kipenyo chake kinapungua .375 kwa unywele tu.

Zimbabwe imelitatua tatizo hili kwa kutaja mambo mawili pamoja kwa wanyama wa daraja la juu: kipenyo cha milimeta 9.2 na nishati ya jouli 5,300. Hilo ndilo somo kwa waandishi wa istilahi. Kama mambo ni mawili, maneno nayo yawe mawili.

Limebaki neno kaliba lenyewe. Wako wasemao lirudishwe kwenye asili yake liwe kalibu. Hatuoni faida. Kalibu ina kazi yake kwa mhunzi na msonara, na tukiipa kazi ya pili tutakuwa tumelirudia kosa lilelile la risasi. Wengine hulilaumu kaliba kwa kuwa waandishi wa michezo wameligeuza kuwa daraja la ubora, wakimtaja mchezaji wa kaliba fulani. Lawama hii ina uzito, maana msomaji wa magazeti akutanapo na kaliba kubwa hudhani ni nguvu kubwa. Hata hivyo twaona neno hili laweza kuokolewa likifungwa kwa sharti moja: kaliba iwe jina kamili la risasi ambayo bunduki ilitengenezwa kuipokea, wala isiwe tarakimu tupu. Kaliba .375 Holland & Holland Magnum ni istilahi. Kaliba .375 ni nusu ya istilahi.

3. Mharibifu

Hapa tunaacha chuma na kumgeukia mnyama, na hapa ndipo tafsiri inapoweza kumwaga damu.

Vitabu vya uwindaji vitokavyo Marekani huwagawa wanyama katika mafungu. Fungu la kwanza lina jina la dharau, na ndani yake wamo viumbe wadogo wasumbuao wakulima na wafugaji: panya wa ardhini, mbweha, kunguru na wenzao. Wengi wao hawafiki kilo 15. Kwa hao hushauriwa kaliba za kipenyo kidogo na kasi kubwa sana, kama .220 Swift ya mwaka 1935, ambayo kichwa chake cha gramu 3 tu hutoka kwa kasi ya zaidi ya meta 1,200 kwa sekunde. Ushauri huo una sababu zake: mnyama ni mdogo, yu mbali, na kichwa hicho chepesi hupasuka kimguspo. Fungu jingine ni la wanyama wakubwa, ambao kwao hushauriwa vichwa vizito viingiavyo ndani.

Mfasiri wetu, akitafuta neno la lile fungu la kwanza, hulikuta tayari: wanyama waharibifu. Ofisi zetu hulitumia kila siku. Lakini neno hili halitaji ukubwa wa mnyama. Linataja kitendo chake. Huko Morogoro, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamejulikana kwa miaka mingi kwa utafiti wa panya waharibifu, na panya shamba ana uzito wa gramu 50 hivi. Ofisi za wanyamapori nazo husema wanyamapori wakali na waharibifu, na wa kwanza wanayemfikiria ni tembo, ambaye dume lake laweza kufikia tani 6. Neno moja limewafunika wote wawili, na halikukosea, maana wote wawili humaliza shamba.

Kosa hufanywa na mfasiri asemaye: “Kwa wanyama waharibifu, kaliba ndogo yenye kasi inatosha.” Sentensi hii ni sahihi kisarufi. Tuisafirishe basi kutoka Bigwa.

Bigwa na Kiroka, chini ya msitu, waharibifu ni nyani, tumbili, ngedere na nguruwe pori, ambao huvamia mahindi, mihogo na ndizi. Msomaji wa hapa ataielewa sentensi karibu kama mwandishi wake alivyokusudia, ingawa nguruwe pori mkubwa, mwenye kilo 70 au zaidi, tayari anaitia mashaka. Tushuke Matombo hadi Mvuha. Mabonde yanafunguka, mpunga unaonekana, na msomaji anaposikia mharibifu anaanza kumfikiria kiboko. Tufike Kisaki. Hapa mharibifu ni tembo aliyeingia shambani usiku, au nyati aliyejeruhiwa akajibanza kichakani. Sentensi ileile, bila kubadilishwa herufi, sasa inamwagiza askari wa wanyamapori amkabili nyati kwa kichwa cha gramu 3 kilichoundwa kupasuka juu ya ngozi. Nyati hafi kwa kichwa hicho. Atakayefuata nyayo zake asubuhi ndiye atakayelipa gharama ya tafsiri.

Lile fungu la pili nalo lina kasoro. Wanyama wakubwa na wanyama wakali si wamoja. Pofu dume aweza kufikia kilo 900 na kumpita nyati kwa uzito, lakini hana desturi ya kumrudia mwindaji. Chui hafiki kilo 100, naye ni miongoni mwa wanyama wa kuogopwa kuliko wote akijeruhiwa. Twiga ni mkubwa kuliko hao, lakini sheria imemkinga, haguswi. Hivyo mwenye kuchagua kaliba huhitaji kujua mambo mawili: uzito wa mnyama na ukali wake, na baada ya hapo achague kichwa. Kichwa chenye ncha laini hupanuka kinapoingia mwilini; kichwa kigumu hakipanuki, huenda moja kwa moja hata kuvuka mfupa mnene wa tembo. Kaliba moja huweza kuuzwa na vichwa vya namna zote mbili. Kwa hiyo hata jina kamili la kaliba halitoshi kama kichwa hakikutajwa.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakipendi kugawa vitu kwa wembamba namna hiyo. Kanuni za mwaka 2011 zinawajibu. Malipo yanayotolewa kwa mwananchi aliyepata hasara kwa sababu ya wanyamapori yaliitwa kwa Kiingereza kwa neno moja tu la kufariji. Kiswahili kiliyapa majina mawili: kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Mwananchi yeyote wa vijijini huyatofautisha, na hakuna aliyepelekwa darasani. Hapo Kiswahili kilikuwa kikali kuliko lugha ya asili ya kanuni. Kilichowezekana kwa malipo kinawezekana pia kwa mnyama mwenyewe.

4. Hoja ya wanaopinga

Tunaijua hoja itakayoletwa: watu wanaelewana. Askari wawili wakiwa porini, mmoja akisema “lete risasi”, mwenzake hamletei madini wala ganda tupu. Ni kweli, na hatuna nia ya kuwasahihisha. Mazungumzo yana macho, mikono na mazoea ya kuyasaidia.

Lakini hati haina msaada huo. Karani anayepokea “risasi 200” katika leja hawezi kumwuliza karani aliyehamishwa mwaka uliopita. Hakimu anayesoma kwamba mshtakiwa alikutwa na risasi lazima ajue kama ni risasi nzima, iwezayo kuua, au maganda matupu yaliyookotwa na mtoto kuwa mchezo. Mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori aulizwaye katika mtihani ni kaliba ipi ifaayo kwa mnyama mharibifu anaweza kujibu kwa usahihi mara mbili, akapewa alama mara moja. Tofauti ya maneno haina kazi mahali ambapo watu wanaonana. Ina kazi mahali ambapo hawaonani, na hapo ndipo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanapofanya kazi yao.

5. Mapendekezo

Tukifuata utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa nje, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Risasi: kitu kizima kilishwacho katika bunduki, chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Isitumiwe katika hati kwa maana ya sehemu yake yoyote.

(b) Kichwa cha risasi: sehemu irukayo. Kitofautishwe kuwa kichwa laini au kichwa kigumu, na uzito wake utajwe kwa gramu.

(c) Ganda la risasi: kifuko cha shaba nyeupe, kikiwa kitupu au kimejazwa.

(d) Madini ya risasi: yale madini mazito ya kijivu, popote panapoweza kuzuka utata.

(e) Marisau: vitufe vingi vidogo virukavyo kwa mpigo mmoja. Mtutu wake utajwe kwa namba, na ielezwe angalau mara moja katika kila hati kwamba namba kubwa ni mtutu mwembamba.

(f) Kipenyo cha mtutu: kipimo tu, kikitajwa pamoja na jina la kipimo, inchi au milimeta.

(g) Kaliba: jina kamili la risasi ambayo bunduki imetengenezwa kuipokea. Isitafsiriwe kuwa ukubwa wala nguvu.

(h) Nishati ya kichwa: nguvu ya pigo ikipimwa kwa jouli kichwa kinapotoka mtutuni. Itajwe katika kanuni yoyote inayoweka mpaka wa chini wa silaha.

(i) Mnyama mharibifu: mnyama wa ukubwa wowote anayeharibu mali. Lisitumiwe kamwe kuwa jina la daraja la uzito.

(j) Wasumbufu wadogo: wanyama wasiofika kilo 15 wanaoharibu mazao au mifugo. Tumelifikiria neno visumbufu, ambalo wataalamu wa kilimo hulitumia kwa wadudu na wengineo waharibuo mimea. Lakini kwa kuwa lina kazi huko, tumeona lisiondolewe mahali pake.

(k) Wanyama wakubwa na wanyama wakali: maneno mawili ya mambo mawili. Yasibadilishane nafasi.

Hitimisho

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii maneno ya kukopa yasiyokuwa ya zamani ni machache mno. Mengine yote yalikuwako. Mwindaji wa gobori aliyajua, mhunzi aliyajua, na mkulima aliyajua tuta na mfuo kabla ya mtutu wa kwanza wenye mifuo kufika Uluguru. Kazi iliyobaki kwetu ni ya kuweka mipaka tu, na kuishika.

Kwa sasa tunawaomba wafasiri wa sheria waanze na pendekezo (a) na (i), kwa kuwa ndiyo yenye hatari ya karibu zaidi. Walimu wa vyuo vya wanyamapori na maafisa wa wilaya, hasa walioko katika maeneo yanayopakana na hifadhi, wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia kazini kwa vitu hivi, pamoja na sentensi moja ya mfano kwa kila neno. Ikiwa kuna mahali ambapo wananchi wamekwisha kuwatofautisha wasumbufu wadogo na tembo kwa neno lao wenyewe, neno hilo litapewa nafasi mbele ya letu.